Majirani wa Nchi ya Mulga

Msafiri atokaye Brisbane, mji mkuu wa jimbo la Queensland katika Australia, akikusudia kwenda Charleville, hupanda gari la moshi liitwalo Westlander wakati wa jioni, akalala huku likikwea taratibu milima inayoitenga pwani na bara, na asubuhi atazamapo dirishani hujikuta katika nchi isiyo na nasaba na ile aliyoiacha: ardhi nyekundu, tambarare, kame, yenye miti mifupi ya jamii ya migunga iitwayo mulga, na juu yake mbingu pana isiyo na wingu. Masafa yote ni kilomita 777, na gari huyamaliza adhuhuri ya siku ya pili. Nilikuwa na wasaa wa kutosha wa kutazama, na katika saa za mwisho za safari jambo lililonishughulisha halikuwa miti wala kangaruu waliokuwa wakiruka kando ya reli, bali uzio. Uzio mrefu wa wavu wa chuma, mpya, unaong'aa, uliokwenda sambamba nasi kitambo kirefu, ukapotea, kisha ukatokea tena upande wa pili, kana kwamba nchi nzima imo katika kugawanywa upya.

Uzio wa namna hiyo ndio ulionipeleka huko. Nilikuwa nimesikia, kwa bwana mmoja wa Brisbane aliyelelewa katika nchi ya kondoo, kwamba wafugaji wa magharibi, watu wenye sifa ya kujitegemea na kutopenda kuingiliwa katika mambo yao, walikuwa wamekubali kuyatia mashamba yao ndani ya ua mmoja na kuwapiga vita wanyama waharibifu kwa shauri moja. Naye akaniandikia barua ya kunijulisha kwa shemeji yake, mwenye shamba la hekta 20,000 hivi nje ya Charleville. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia penye mahindi na mihogo, na utotoni nimekesha juu ya dungu nikipiga debe kuwafukuza nguruwe. Kwa hiyo habari ya watu kukusanya nguvu dhidi ya mnyama mharibifu si ngeni kwangu. Kigeni kilikuwa ni ujirani wenyewe. Kwetu jirani ni mtu ambaye kikohozi chake cha usiku unakijua. Kule, nyumba iliyo karibu kabisa na ya mwenyeji wangu ilikuwa mwendo wa kilomita 30 kwa njia ya vumbi, na mwenye nyumba hiyo alikuwa hajaonana naye tangu mazishi ya mtu wao wote wawili, miezi kadhaa iliyopita.

Haifai kusimulia vita bila ya kueleza adui alitoka wapi, na katika kisa hiki karibu kila adui aliletwa na mwanadamu kwa hiari yake, tena aghalabu kwa nia njema. Nguruwe na mbuzi walishuka pamoja na walowezi wa kwanza wa Kiingereza mwaka 1788, wakiwa mifugo ya halali ya kujilisha. Waliotoroka mazizini wakazaa mwituni, na wajukuu wao ndio hawa wanaofukua kingo za mito na kula wana-kondoo wangali na unyevu wa kuzaliwa. Sungura wana tarehe yao mahususi: mwaka 1859 Mwingereza mmoja, Thomas Austin, aliagiza sungura wa mwituni kutoka Uingereza ili awawinde katika shamba lake la Barwon Park, jimbo la Victoria, na katika miaka isiyozidi 50 walikuwa wamelienea bara; wataalamu waliochunguza damu ya sungura wa leo walithibitisha mwaka 2022 kwamba balaa hilo kwa sehemu kubwa lilianzia kwa wale wachache. Mbweha nao waliletwa na mabwana waliokosa mchezo wao wa kufukuza mbweha kwa farasi. Paka sina haja ya kueleza. Kila merikebu ina panya, na kila penye panya hupelekwa paka.

Walionigusa zaidi ni ngamia. Hao waliletwa kwa wingi tangu mwaka 1860, pamoja na wachungaji wao kutoka nchi za Afghanistan, Baluchistan na Punjab, ambao Wazungu waliwaita wote kwa jina moja la Waafghani. Na watu hao na wanyama hao ndio waliochukua sufu, chakula, nguzo za simu na hata nyaya za uzio katika majangwa ambamo farasi hakuweza kupita. Katika mji wa Broken Hill, ulio jimbo la New South Wales, msikiti wao wa mabati ungali umesimama hadi leo, mdogo kuliko stoo ya karafuu. Kisha malori yalikuja, na ngamia hakuhitajiwa tena. Mwaka 1925 Australia Kusini ilitunga sheria ya kuruhusu ngamia wazururao waangamizwe, na wachungaji wengi, kwa kuwa mkono haukuwaendea kuua viumbe waliokula nao jangwani, waliwafungulia wakaenda zao. Walizaana mpaka serikali ilipoanza kuwapiga risasi kutoka katika helikopta, na kufikia mwaka 2013 mpango huo ulikuwa umewaondoa ngamia 160,000 hivi. Najua hoja ya serikali: ngamia wenye kiu huvunja mabomba na kuchafua visima vya watu. Hata hivyo mnyama huyo hakubadili tabia yake hata kidogo. Kilichobadilika ni haja ya bwana wake.

Lakini katika nchi ya mulga adui mkuu ni mbwa. Msomaji asidhani namzungumzia mbwa mwitu wetu wa Selous, ambaye ni jamii nyingine kabisa na sasa ni adimu. Huyu wa kule ni dingo, aliyefika Australia na mabaharia miaka isiyopungua 3,000 iliyopita, pamoja na chotara wake aliyechanganya damu na mbwa wa Wazungu. Mnamo miaka ya 1960 Queensland ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 20. Ilipofika katikati ya miaka ya 2010 waliosalia walikuwa milioni 2 tu au karibu yake. Si insafu kumtwika mbwa dhambi yote hiyo. Bei ya sufu ilianguka vibaya mwaka 1991, mpango wa serikali wa kuitegemeza ulipovunjika, na ukame ulifuata ukame. Watu wakauza kondoo wakanunua ng'ombe. Lakini kadiri kondoo walivyopungua, ndivyo walivyopungua watu wenye sababu ya kuwawinda mbwa, na kadiri mbwa walivyoongezeka, ndivyo aliyebaki na kondoo alivyozidi kuzingirwa, hata ikawa mtu wa mwisho kuacha sufu hakuacha kwa kupenda bali kwa kuchoka kuzika.

Mwenyeji wangu alinipeleka zizini kunionyesha kondoo jike aliyeokotwa alfajiri ile. Alikuwa amesimama peke yake katika kona ya mabati, kichwa juu, akicheua. Nilipozunguka nyuma yake niliona kwamba sufu ya paja la kushoto ilikuwa imenyofolewa pamoja na ngozi, na nyama ilikuwa wazi, nyekundu, na nzi walikwisha kuitambua. Hakuliwa hata tonge. Ndiyo kawaida ya mbwa hawa, alinieleza. Humwuma kondoo, humwacha, humrukia wa pili, na katika usiku mmoja mbwa wawili huweza kujeruhi makumi kwa ule mchezo wa kufukuza tu. Alimshika kondoo yule kidevu, akamtazama kinywani kama anayekagua umri wa mnyama atakayemnunua, kisha akaenda kwenye pikapu kuchukua bunduki.

Sasa, mtu mmoja mwenye bunduki afanye nini? Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo zima, na wafugaji wale wanaijua hesabu yake kwa moyo. Nguruwe jike huanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka, na mvua zikiwa njema kundi la nguruwe huweza kuongezeka mara tano katika mwaka mmoja. Wataalamu husema ni lazima kuwaondoa kama asilimia 70 kila mwaka ili wasizidi. Mtu akisafisha shamba lake na jirani yake asifanye kitu, basi amemwandalia jirani huyo mahali pa kupeleka ziada yake. Mbwa ndiye mbaya zaidi, kwa kuwa kijana wa mbwa atafutaye makazi husafiri makumi ya kilomita, na pengo lililoachwa na aliyeuawa hujazwa kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Kazi ya pamoja kule, basi, haitokani na mapenzi. Baadhi yao hawapendani hata kidogo. Nilihadithiwa juu ya watu wawili ambao baba zao waligombea kisima, na hawasemezani mpaka leo ila katika siku ya kutia sumu.

Siku hiyo ya kutia sumu niliihudhuria. Hufanywa aghalabu katika majira ya machipuko na majira ya vuli, kwa tarehe waliyoafikiana, kwa maana sumu iliyowekwa na mmoja leo na mwingine mwezi ujao haina faida. Mahali palikuwa ni njia panda chini ya miti, bila ya jengo wala kibanda. Magari yalikuja moja moja, kila moja na vumbi lake lililotangulia kuonekana, na kila mfugaji alileta nyama yake mwenyewe, iliyokatwa vipande ukubwa wa ngumi, ndani ya matangi ya plastiki. Walivitandaza vipande juu ya chaga za wavu wa chuma vikauke juani na kufanya ganda, kwa kuwa nyama yenye ganda hukaa zaidi. Na afisa wa halmashauri, aliyevaa glavu mpaka karibu na kiwiko, akapita akichoma sindano kipande baada ya kipande, bila ya haraka na bila ya kusema na mtu, huku mwenzake akiandika katika daftari jina la shamba na idadi. Hapakuwa na mbwa hata mmoja wa kuchungia, ambao siku zote hawabanduki nyuma ya pikapu. Wote walifungwa nyumbani. Juu ya boneti ya gari ilitandazwa ramani, na bibi mmoja mjane, aendeshaye shamba lake pamoja na mwanawe, alionyesha kwa kalamu njia ambazo kila mmoja angezipita. Alipofika mahali fulani upande wa kaskazini kalamu ilizunguka, haikukata. Hapana aliyesema neno. Nikaja kuambiwa faraghani kwamba hapo ni kwa bwana mwenye ng'ombe.

Bwana huyo nilikwenda kumwona, kwa kuwa sikupenda kusikia upande mmoja. Ni mtu mzima, mpole, alinikaribisha barazani na chai na keki, na hoja yake haikuwa ya ujinga. Alisema kwamba ng'ombe mkubwa hamwogopi mbwa. Kwamba ndama waumwao ni wachache. Kwamba mbwa huwala kangaruu, na kangaruu huyala majani ambayo ng'ombe wake wangeyala. Na kwamba mara moja alipoteza mbwa wake mpenzi wa kuchungia aliyeokota kipande cha nyama kilichodondoshwa na ndege. Kwa nini, basi, agharimie vita visivyo vyake? Nilimjibu kwamba kwetu mwenye nyumba ya mawe naye huitika mbiu ya moto. Alicheka, akanimiminia chai nyingine, wala hakubadili rai.

Sumu yenyewe huitwa kwa nambari tu, 1080, nambari iliyopewa katika maabara, na ina ajabu yake. Asili yake ni mimea. Huko Australia Magharibi yako magugu yenye sumu hiyo hiyo, na wanyama wa asili wa sehemu hizo, kwa kuishi nayo dahari nyingi, huistahimili kuliko mbwa, mbweha na paka, ambao hawana kinga nayo. Tena mwanzo wa kutambuliwa kwake katika mmea ulikuwa Afrika Kusini, katika miaka ya 1940, kutokana na mmea uliokuwa ukiua ng'ombe wa makaburu. Na jamaa za mmea huo humea hata katika misitu yetu ya Afrika Mashariki. Haina dawa ya kuiponya, na mbwa hafi nayo upesi wala kwa raha. Wafugaji hawapendi kulizungumza jambo hilo, wala sikuwalazimisha.

Kuhusu uzio, Australia ina mmoja mashuhuri, ulioanzia Queensland mpaka kwenye majabali ya bahari ya kusini, kilomita 5,614, uliojengwa kuwazuia mbwa wasiingie nchi ya kondoo. Lakini mbwa walikwisha kuwa pande zote mbili. Ndipo katika muongo wa 2010 wafugaji wa magharibi ya Queensland waliposhika njia nyingine: mashamba kadhaa yaliyopakana hujiunga, huzungushiwa ua mmoja wa nje, na wenyewe huachiwa mipaka yao ya ndani kama ilivyokuwa. Serikali ilitoa sehemu ya gharama, na wao wakatoa iliyobaki, wengine kwa kukopa. Kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa hutiwa sahihi mkataba: nani atakagua kipande gani, nani atalipa mafuriko yakibomoa, na mtu akiuza shamba mnunuzi afungwe na masharti yale yale. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba kujenga kulichukua muda mfupi kuliko kukubaliana juu ya karatasi hiyo.

Tuliuzunguka uzio huo siku moja tangu asubuhi. Una kimo cha mita 1.8, wavu wa nyuzi ngumu juu ya nguzo za chuma, na chini yake wavu hukunjwa ukalazwa ardhini kuelekea nje, ili mbwa ajapo kuchimba penye mguu wa uzio akute chuma chini ya makucha yake, asiwe na akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia mbali. Palipo na mikondo ya maji pamening'inizwa milango ya wavu ambayo maji huisukuma ikafunguka. Kila baada ya kitambo mwenyeji wangu alisimamisha gari, akashuka, akatazama mchanga. Mahali pamoja alichutama muda mrefu. Nyayo za mbwa zilikuja mpaka kwenye wavu, zikaufuata uzio hatua nyingi, zikarudi. Upande wa nje, alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuonane nilimwona akitabasamu bila ya kujizuia.

Ndani ya ua kazi haijaisha, bali ndiyo huanza, maana mbwa na nguruwe waliofungiwa ndani ni lazima watafutwe mpaka wa mwisho. Na huyo wa mwisho, aliyekwisha kuijua sumu na kuikataa, hutafutwa na mtega mbwa, mtu wa kazi hiyo tu, ambaye hulala jangwani na mitego yake ya chuma. Mbwa aliyekamatwa aghalabu hutundikwa miguu juu katika mti ulio kando ya njia, na upo mti mmoja karibu na lango la ua ule wenye mizoga mingi, mingine mipya, mingine ngozi na mifupa. Wanasema ni taarifa kwa majirani kwamba kazi inafanyika. Mimi niliona ni kitu kibaya, nikawaambia, na hawakukasirika.

Wako wengine wenye malalamiko mazito zaidi ya yangu. Wataalamu wa wanyama hunena kwamba uzio huwazuia hata ndege waitwao emu na wanyama wengine wasio na hatia wasifuate mvua. Na uchunguzi wa damu umeonyesha kwamba wengi katika hao waitwao mbwa waasi ni dingo wenye damu yao karibu yote. Kwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Wabidjara, ambao walikuwa hapo kabla ya kondoo na kabla ya ua, dingo hawezi kuwekwa katika daftari moja na nguruwe. Sikubali kwamba hoja hizi zifutwe kwa sababu tu mtu amepoteza kondoo. Lakini pia nimeona katika mji wa Charleville wenyewe banda wanakotunzwa bilbi, mnyama mdogo wa masikio marefu aliyekaribia kutoweka. Na huko Currawinya, upande wa kusini, alipojengewa ua wake, mafuriko yaliuharibu, paka wakaingia, wakawala. Aliye laini katika nchi ile hana salama isiyo na waya.

Mji huo una kumbusho lingine ambalo nilikwenda kulitazama kwa kuwa niliambiwa nisikose. Mwaka 1902, katika ukame mkali, mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Clement Wragge aliweka mizinga mirefu yenye umbo la faneli, akaifyatua mbinguni ili inyeshe mvua. Mvua haikunyesha. Mizinga miwili imewekwa bustanini, na watoto huingiza vichwa vyao ndani yake na kupiga kelele.

Jioni ya mwisho ilikuwa ya mkutano wa ua, katika ukumbi wa mabati wenye viti vya kukunja na birika kubwa la chai. Waliketi kila mmoja mbali kidogo na mwenziwe. Hesabu ilisomwa: kondoo walionyonyesha na wana-kondoo waliofika wakati wa kutiwa alama, shamba kwa shamba, na kwa sauti, ili kila mtu asikie ya mwenziwe, na shamba la mjane lilikuwa limepita yote. Yakafuata mabishano marefu juu ya nani alipe kwa mlango mmoja wa mkondo uliochukuliwa na maji, yakaisha kwa mkataba kutolewa kabatini na kusomwa. Mwisho mwenyekiti alitoa barua. Ilitoka kwa bwana mwenye ng'ombe, ambaye sasa, mbwa waliofukuzwa na ua wa wenziwe wakiwa wamehamia kwake na kuwauma ndama wake, anaomba aingizwe ndani. Wengine walicheka, na mmoja akasema aachwe ayaonje. Mjane alisimama, akasema kwamba mpaka wa kaskazini ni kilomita nyingi, na kwamba akiingia yeye ua utasogea mbele na sehemu ya kila mtu ya kukagua itapungua. Walipiga kura kwa kuinua mikono: aingie, alipe fungu lake kamili pamoja na la miaka aliyokataa, na nyama ya sumu ailete mwenyewe.